Kitabu kilichonirudisha Ludewa

Nilikinunua Posta, kwa wale kaka wanaotandika vitabu vya mitumba chini, kando ya Barabara ya Samora. Muuzaji alianza elfu kumi, tukamalizana elfu saba. Jalada lilikuwa limepauka na ndani kulikuwa na muhuri wa maktaba ya kanisa fulani la ng'ambo. Kilichonivuta ni maneno ya jalada la nyuma: mwalimu wa kike, mtoto wa mjini, anatoka Toronto kwenda kufundisha shule ya chumba kimoja huko magharibi ya Kanada. Kituoni Kivukoni niliacha basi mbili za Kimara zikapita, nimesimama nasoma.

Kinaitwa When Calls the Heart, kitabu cha hadithi ya mapenzi ya Kikristo cha Janette Oke, kilichotoka mwaka 1983. Ni cha kwanza katika mfululizo wake wa magharibi ya Kanada. Mwandishi mwenyewe alizaliwa mwaka 1935 Champion, kamji kadogo ka nyanda za Alberta, kwa hiyo ile baridi na ule upweke anaouandika hakuuokota vitabuni. Miaka minne kabla, 1979, alishatoa Love Comes Softly, ambacho nilikisoma baadaye na nitakitaja hapa chini, maana kwangu ndicho bora zaidi.

Nianze na sababu ya kitabu hiki kunikaba koo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 2009 nilipangiwa kituo wilaya ya Ludewa, wakati huo bado iko mkoa wa Iringa, kabla Njombe haijawa mkoa. Wala si Ludewa mjini. Ni kijiji cha chini kabisa, mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako kutoka bomani unateremka milima ya Livingstone mpaka masikio yanaziba. Mvua zikishika, gari haliteremki. Unasubiri boti, na boti nayo inasubiri ziwa litulie. Kwenda kufuata mshahara na kurudi ilikuwa safari ya siku tatu. Mimi mtoto wa Kinondoni, nimekulia mahali ambapo saa tatu usiku unatoka nje unapata chipsi. Nyumba ya mwalimu ilikuwa na popo darini. Magharibi wanapotoka, dari lote linakwaruza kama mtu anaburuta gunia la mahindi juu ya kichwa chako. Wiki mbili za kwanza nililala koroboi likiwaka, hadi mafuta ya taa yakaniishia na duka la kijiji halina.

Kwa hiyo nilipomsoma Elizabeth Thatcher, yule mwalimu wa kitabuni, anafika kijiji cha Pine Springs na masanduku yake ya mjini, kila mtu anamtazama, kila mtu anajua jina lake kabla hajalitaja, nilikuwa namjua. Kuwa mwalimu mgeni mahali kama pale ni kuishi kwenye kioo. Ukinunua sabuni, kijiji kinajua ni ya aina gani.

Halafu anaingia Wynn Delaney, askari wa polisi ya farasi. Anampenda Elizabeth na msomaji anaona. Lakini ana msimamo wake: kazi yake ni ya vituo vya mbali huko kaskazini, na huko, kwa maoni yake, si mahali pa kumpeleka mke. Kwa hiyo hasemi kitu. Hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya hadi Ubungo.

Baba Neema, ambaye leo ni mume wangu, alikuwa tabibu wa zahanati ya kijiji kile. Tulisali kanisa moja, tukaimba kwaya moja, yeye besi. Mwaka mzima aliniletea samaki kwa mkono wa mtoto wa jirani bila kusema neno. Mwishowe nilimuuliza mwenyewe, maana nilichoka kusubiri. Alinijibu akitazama ziwa: "Mwalimu, hapa mama akishikwa na uchungu usiku na ziwa limechafuka, mimi ninamtazama tu. Nikuoe, nikuweke hapa, siku yako ikifika nikutazame na wewe?"

Msomaji wa mjini anaweza kudhani Wynn anaringa, au mwandishi anavuta kurasa. Havuti. Mwanamume wa mahali kama pale akikupenda, hilo ndilo linalomkosesha usingizi. Nilipomsimulia Baba Neema, aliuliza swali moja tu: "Huko kaskazini kulikuwa na hospitali?"

Tangu hapo nimesoma riwaya za namna hii kama kumi na tano, na ninazipima kwa jambo hilohilo: je, ule umbali unafanya kazi? Maana waandishi ni wengi siku hizi, na kwa wengi wao mji mdogo ni kama lile pazia la studio ya picha, lenye maporomoko ya maji yaliyochorwa. Wapenzi wanakutana kwenye mgahawa, wanakosana, wanapatana kanisani. Ukiihamishia hadithi Mikocheni haipungukiwi kitu. Hizo ninazimaliza kwa siku mbili na wiki inayofuata sikumbuki jina la mtu.

Linganisha na Love Comes Softly. Marty ni binti mjamzito, yuko safarini na mumewe, na mume anafariki. Siku ileile ya mazishi, mgane aitwaye Clark anamwomba waoane ili amlelee binti yake Missie. Hamlaghai kwa maneno matamu. Anamwambia majira ya kuchipua yakifika, akitaka kurudi kwao, atamlipia nauli. Anamwachia nyumba, yeye analala kwenye kibanda cha ubavuni. Huko hakuna shangazi wa kukimbilia wala lojingi ya kulala, baridi kali iko mlangoni, na ombi ambalo hapa Dar tungeliita tusi, kule linakuwa msaada wa kweli. Siku za mwanzo Marty anachojua kupika ni chapati za maji. Asubuhi chapati za maji, jioni chapati za maji. Clark anakula. Mimi nililia kwenye chapati zile kuliko kwenye kaburi.

Na imani imekaa humo humo, kwenye kazi. Clark anaomba mezani, na Marty mwanzoni anashangaa huyu bwana anaongea na nani. Mwandishi hamwiti mchungaji aje ahubiri kurasa sita. Anamwacha Marty afue, apike, alee, azae, na taratibu ampate yule Mungu ambaye Clark anaongea naye. Hivyo ndivyo mimi pia nilivyookoka kwa mara ya pili, ukiniruhusu kusema hivyo, kule mwambao, na si kwenye mkutano wa injili wa Jangwani nilikonyoosha mkono nikiwa na miaka kumi na saba.

Sasa upungufu, maana nauona.

Kuna riwaya nyingi za aina hii ambamo maombi hujibiwa kabla ukurasa haujaisha. Mtoto anaumwa, watu wanapiga magoti, mtoto anaomba uji. Nimepiga magoti kwenye zahanati ile, na si kila mtoto aliomba uji. Mwandishi Mkristo asiogope kuandika kaburi na bado akamwamini Mungu.

La pili ni wenyeji. Kwenye vitabu vinavyofuata vya mfululizo wa Elizabeth, anapoishi kaskazini kati ya wenyeji wa asili wa Kanada, tunawaona kupitia macho yake tu. Mimi nilifundishwa kila kitu na wanawake wa kijiji, kuanzia kuanika dagaa hadi kusoma upepo wa jioni, na ninajua walikuwa na ya kwao ya kusema juu yangu. Nilitamani kuyasikia ya wale pia.

Lugha: When Calls the Heart ni Kiingereza chepesi, aliyemaliza kidato cha nne akasoma vizuri atakiweza. Love Comes Softly ni kigumu zaidi mwanzoni, kwa sababu watu wanaongea lafudhi ya shamba na maneno yameandikwa yanavyotamkwa. Soma kwa sauti, utaelewa. Mambo ya chumbani hakuna kabisa, unaweza kumwachia binti wa miaka kumi na nne bila wasiwasi. Na kama umeanza na tamthilia ya televisheni ya When Calls the Heart iliyotoka mwaka 2014, usishangae: kule kuna mji wa mgodi wa makaa na wajane wa wachimbaji, na askari anaitwa Jack. Kitabuni hakuna mgodi.

Upatikanaji ndio unaokera. Changu cha mitumba kilikuwa na gundi iliyokauka. Karatasi nane zilishachomoka, kurasa kumi na sita, na sikujua hadi nilipozifikia. Nikaagiza nakala nyingine kwa muuzaji mmoja wa mitandaoni. Kikaja kivuli kilichopigwa mashineni, wino umefifia, kimebanwa na pini mbili. Pesa haikurudi. Mwishowe nilinunua cha kwenye simu kwa kadi ya mtandaoni. Ukinunua barabarani, kipekue chote kabla hujatoa hela.

Na hapa niseme lililoko moyoni. Kwa nini nisome ya Alberta? Ludewa ipo. Walimu, manesi, wainjilisti wanapangiwa Mlele, Loliondo, Uvinza kila mwaka, wanafika na begi na simu isiyoshika mtandao, na wengine wanaolewa hukohuko na kuzikwa hukohuko. Waandishi wetu wa Kikristo wanatuandikia vitabu vya ushauri wa ndoa, na tunashukuru, ila mimi nataka hadithi. Nataka binti wa Temeke anayeteremka kwenye boti na viatu mkononi.

Mwezi uliopita binti mmoja wa jumuiya yetu alipata ajira ya ualimu, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza. Alikuja nyumbani analia, mama yake analia zaidi. Nilimpa kile cha Samora. Zile kurasa kumi na sita nilikaa usiku mbili nikazisimulia kwa Kiswahili kwenye daftari la mistari, nikalichomeka pale zilipotoka. Tulimsindikiza Mbezi alfajiri, basi la Kigoma.

Juzi ujumbe wake umeingia saa tano usiku, inaonekana alipanda mlima kutafuta mtandao: "Mama Neema, nimefika kwenye daftari. Hapa pia popo wapo. Na kuna nesi wa kiume ameniletea migebuka, hajasema kitu."