Jiwe au kabari ya mpira: tela liegeshwe kwa kipi?

Pale mlima Kitonga, Iringa, lori la tela likizima, utingo huruka chini na kuokota jiwe la kwanza analoliona azuie tairi lisibiringike. Namwelewa, jiwe ni bure na liko kila mahali. Lakini litazame kwa karibu: linagusa tairi sehemu ndogo tu, na uzito ukilemea hubiringika au kupasuka. Lami ikilowa, ndiyo kabisa, linateleza.

Kabari ya mpira imechongwa kufuata mviringo wa tairi, na chini ina meno yanayong'ang'ania lami. Ubaya wake ni bei, tena wezi wanaipenda. Ifunge kamba kwenye chesisi, yaani fremu ya chini ya tela. Kwenye tope huzama, basi tanguliza ubao.

Kinachoniuma zaidi ni mawe yanayoachwa barabarani gari likishaondoka. Usiku dereva wa bodaboda hayaoni hadi ameshayavaa. Kabari yenye kamba huondoka na gari lake.

Nachagua mpira: mbili kila upande, zikae upande wa tairi unaoelekea bondeni, zigongwe hadi zibane kabla kichwa, yaani gari linalovuta tela, hakijafunguliwa. Jiwe ni la dharura, na aliyeliweka alitoe.