Dawa ya kuzuia oili kuvuja na O-ringi ya delko: uzoefu wangu na Corolla 110

Gari yangu ni Corolla 110 ya 1997, injini ya 5A yenye delko (kifaa kinachogawa moto kwa plagi). Tangu niinunue ilikuwa ikivuja oili kidogo kidogo, lakini mwaka huu ikawa kila nikiiegesha uani saruji inapata doa jipya. Wenye gari hizi hapa Unguja ni wengi, naandika nilichokiona.

Kwanza dawa. Ni kichupa unakimimina kwenye oili, na kazi yake ni kulainisha mipira ya sili iliyokauka ili ivimbe kidogo ibane tena. Nilitembelea nayo kama maelekezo yanavyosema, hadi Makunduchi nikaenda na kurudi. Doa likapungua, halafu likarejea vile vile. Mpira ulioiva kwa moto miaka yote hiyo hauna tena cha kulainishwa.

Fundi wa kwanza aliingia chini, akaona oili pale injini inapokutana na giaboksi, akahukumu: sili ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini. Maana yake kushusha giaboksi, na gharama yake mnaijua. Wa pili, mzee mmoja wa Jang'ombe, hata kulala chini hakulala. "Mwanangu, oili haipandi, inashuka. Tuioshe kwanza."

Injini ikiwa imepoa tukaisugua kwa brashi na mafuta ya taa, tukaipangusa mpaka ikakauka vizuri. Akainyunyizia poda ya mtoto kuanzia juu, tukaiwasha tukaiacha ingurume mpaka feni ikaanza kuzunguka. Poda ilibaki nyeupe kote isipokuwa mstari mwembamba wa kahawia ulioanzia chini ya delko, ukateremka ubavuni mwa hedi (sehemu ya juu ya injini), ukatua juu ya giaboksi. Kwenye 5A delko imekaa mwisho wa hedi, juu ya giaboksi khasa, ndiyo maana O-ringi yake (mpira wa duara unaozuia oili) ikichoka inayosingiziwa ni sili ya nyuma.

O-ringi yenyewe haifiki bei ya kilo ya changu. Kabla ya kuchomoa delko mzee alitia alama ya rangi ya kucha kati yake na hedi (nilimwibia mke wangu), kwa sababu ukiirudisha imezunguka hata kidogo, moto wa plagi unahama, unatoka si kwa wakati wake. Ile kuukuu ilitoka imekuwa bapa, ikanikatikia mkononi. Tukaweka mpya, tukabadilisha pia gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi), maana mashimo ya plagi yalikuwa na oili. Hapa silikoni inatiwa kidogo tu kwenye pembe. Wapo mafundi wanaoipaka kote, ikimeguka ndani inaweza kuziba chujio la pampu ya oili. Na nati zake usizikaze kwa hasira.

Valvu ya PCV, inayopumua hewa chafu ya ndani ya injini, nayo tuliitoa. Ukiitikisa inatakiwa ilie. Yangu kimya, imejaa masizi. Ikiziba, presha ya ndani inasukuma oili itokee popote palipo dhaifu, na gasketi mpya haitadumu. Nikaweka nyengine.

Sasa saruji ni kavu. Sampo, bakuli la oili chini ya injini, bado linatoa jasho kidogo, nimeliacha. Dawa naipa nyota mbili: ningemshauri mtu ambaye kweli sili yake ya nyuma imeanza na hana pesa za kushusha giaboksi mwezi huu. Kwa O-ringi na gasketi, hapana, kichupa ni ghali kuliko O-ringi.