Uzoefu wangu: soka la bure kwenye simu na boksi lake la kadi 150

Gemu lenyewe silitaji jina, anayecheza soka la simu atalijua kwa boksi lake. Kupakua bure, mechi bure, na uchezaji ni mtamu: pasi zina uzito, kipa hafanyi vituko. Uwanjani nalipatia nyota nne kati ya tano. Dukani nalipatia moja, na hiyo moja nitaeleza imetoka wapi.

Kadi ni mchezaji unayemweka kikosini, na kadi kali haiuzwi moja kwa moja. Unanunua sarafu, na sarafu ndizo zinazozungusha boksi, kila mzunguko unatoa kadi moja kwa bahati: mzunguko mmoja sarafu 100, kumi kwa mkupuo 900. Boksi lina kadi 150, na kati yake tatu tu ndizo za maana. Kadi ikishatoka hairudi ndani, ndiyo maana nikatoa ile nyota moja, kwa sababu hesabu yake unaweza kuipiga mwenyewe kwa kalamu.

Mizunguko kumi ya kwanza inakupa kama asilimia 19 ya kupata yoyote kati ya zile tatu. Ukimtaka yule mshambuliaji aliyebandikwa kwenye tangazo, yeye na si mwingine, ni kumi kwa 150, yaani chini ya asilimia 7. Kufika nusu kwa nusu unahitaji mizunguko 75: mikupuo saba na mitano ya mojamoja, sarafu 6,800. Kumpata bila wasiwasi, umalize boksi zima: 13,500. Piga hesabu hiyo kwa shilingi kabla hujagusa kitufe. Skrini itakuandikia tu kwamba zimebaki 140, na ukiona namba inashuka unahisi umekaribia. Ulikuwa na moja kwa 150, sasa una moja kwa 140. Ndiyo hatua yote uliyopiga kwa sarafu 900. (Kibanda cha kubeti hakiruhusiwi kumpokea mtoto wa chini ya miaka 18. Boksi halimuulizi mtu umri.)

Je, kadi ya hela inashinda mechi? Inategemea uko divisheni gani. Chini, anayejua kupanga timu anawafunga wenye hela bila shida. Juu kila mtu anajua, na hapo ndipo tofauti ya namba inapoamua. Mfano: beki wako wa bure ana kasi 82, mshambuliaji wa boksi ana 94. Mpira mrefu unapigwa nyuma ya mabeki, beki wako anaanza mbele hatua mbili, kufika kwenye kumi na nane yuko nyuma. Mpinzani atarudia pasi hiyohiyo mpaka filimbi. Dawa ni kushusha mstari wa ulinzi, kuacha kumkaba kwa beki wa kati, na kumrudisha kiungo mkabaji aje azibe. Inasaidia, ila umeshaacha soka lako na unacheza la kujihami, na yeye hajabadilisha kitu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kadi inachuja. Kila baada ya muda linakuja boksi lenye namba kubwa zaidi, na uliyemnunua kwa sarafu 6,800 anakaa benchi. Dota 2, gemu la vita la kwenye kompyuta, inawapa wachezaji wote mashujaa wote bure na kuuza mavazi, kwa hiyo biashara ya aina hiyo inawezekana.

Kwa wa Dodoma kuna la mtandao pia, ambalo duka halihusiki. Ukicheza kwa bando saa mbili hadi saa nne usiku, watu wote wako hewani na mtandao unachelewa. Simu inayoonesha picha 60 kwa sekunde, ukichelewa milisekunde 100 umepitwa na picha sita, na tackle yako inakuwa penalti. Mechi za daraja nazipeleka alfajiri.

Mnaoandaa makombe ya mtaani, iwe Chang'ombe au Nkuhungu, takeni picha ya skrini ya kikosi kabla ya mechi na kubalianeni kadi za boksi zisizidi mbili kwa timu. Au rudini kwenye pleisteshen ya kibandani, wote mchague timu moja.

Kama simu inashikwa na mtoto na ina kadi ya malipo, fungua Play Store, gusa picha yako, ingia kwenye mipangilio, washa uthibitishaji wa kila ununuzi. Nywila asiijue.