TAHADHARI: Fundi wa umeme wa pikipiki anayeondoka na spea zako, Mtwara mjini

Wakuu, kama una pikipiki ya zamani na fyuzi inakatakata, soma hii kabla hujampelekea mtu. Nimelizwa laki moja na elfu kumi, na nusura chombo kiungue nikiwa juu yake.

Ninayo Honda CG125 aliyoniachia marehemu baba. Mwezi uliopita nilivuka nayo kivuko kwenda Msanga Mkuu, niliporudi honi kimya, indiketa kimya, taa ya breki kimya. Injini inanguruma kama kawaida. Nikaweka fyuzi mpya ya jero, ikadumu mpaka bodaboda mmoja aliponikatia mbele nikashika breki za ghafla. Ikakata. Wakati ule sikulitia maanani.

Nikaelekezwa kwa huyu jamaa, ana kibanda upande wa barabara ya Mikindani. Jina siliweki hapa. Ana maneno matamu, lakini mkononi hana mita, hana hata testa. Alifungua siti, akanusa waya, akasema: "Kaka, CDI imepigwa shoti na imeondoka na reguleta." CDI (kile kiboksi kinachopiga moto wa plagi) elfu 50, reguleta (inayodhibiti umeme unaochaji betri) elfu 40, ufundi elfu 20. Akaniambia nikanywe chai kwanza. Nilirudi nikakuta kila kitu kinawaka. Nikauliza spea za zamani ziko wapi. "Nimetupa, zimeungua hizo, za nini tena?"

Siku ya nne nikitoka Mikindani nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, inatoka chini ya tenki. Tenki lina petroli na liko katikati ya mapaja yangu! Nilizima, nikaruka, nikachomoa waya wa betri kwa mkono. Kidole bado kina alama. Kufungua mahali pa fyuzi nikakuta hakuna fyuzi. Kuna uzi wa shaba umekunjwa mara tatu, umezungushiwa teipu nyeusi ili usionekane.

Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla waya haujaungua. Ukiweka uzi mnene, shoti iko palepale, ila sasa kinachokatika ni waya zako. Kwa hiyo fundi akikwambia "hii haitakata tena", ujue kuna alichokufunga humo.

Niliisukuma mpaka kwa mzee mmoja aliyetengeneza pikipiki tangu sisi tukiwa shule. Huyu alichukua balbu ya breki ya volti 12, akaiunga pale pa fyuzi, akawasha funguo. Balbu ikabaki kimya. "Kanyaga breki, mwanangu." Nikakanyaga. Balbu ikawaka kwa nguvu zote, na taa ya nyuma haikuwaka kabisa. Akasema pangekuwa pazima, zote mbili zingewaka hafifu, maana zinagawana umeme. Hii moja inakula wote, basi waya wa taa ya breki unagusa bodi kabla haujafika kwenye taa.

Tukaufuata. Kwenye Honda, kijani tupu ni hasi, mweusi ni chanya inayotoka kwenye funguo (wengi wanauona mweusi wanaufunga kwenye fremu, hapo wameshatengeneza shoti nyingine), na wa taa ya breki ni kijani chenye mstari wa njano. Chini ya siti, pale unapopita juu ya ukingo wa madigadi, ganda lilikuwa limesagika urefu wa ukucha na shaba imeshaota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari. Tukakata, tukaunga, tukavalisha mpira, tukarudisha fyuzi ya ampea 10. Waya zilizoyeyuka chini ya tenki zilitusumbua zaidi, zilitumaliza mchana mzima. Alinidai elfu 15 kwa yote.

Sasa kilichoniuma. Nikamuuliza mzee kuhusu CDI, akacheka. Pikipiki hizi moto wa plagi hautoki kwenye betri, unatoka kwenye koili ya magneto, inayozalisha umeme wake injini ikizunguka. Ndiyo maana fyuzi ilikata na injini ikaendelea. Chombo nilichokiendesha mwenyewe mpaka kibandani kwake, CDI yake ilikufa saa ngapi? Ilikuwa nzima. Injini za CG zimeigwa sana na Wachina, CDI za bei rahisi zimejaa madukani, na hiyo aliyonifungia dukani niliambiwa elfu 12. Orijino ya Honda ndiyo inayotafutwa, na ndiyo aliyobaki nayo.

Nimerudi kwake mara mbili. Mara ya kwanza alisema hanikumbuki. Mara ya pili nilikuta amefungua tenki la kijana wa bodaboda, na kijana ametumwa chai.

Kama lazima uende kwake, usiondoke kibandani, na spea ya zamani iwe mfukoni mwako kabla mpya haijafungwa. CDI yangu ina doa la rangi nyeupe ubavuni, baba aliidondoshea akipaka dirisha. Mtu akikuuzia "orijino, imetumika kidogo" yenye doa hilo, naomba uniambie.