Namba hazikubaliani na bikoni: ubadili datamu au ufanye kalibrasheni?

Uko kwenye mikorosho Mikindani, Mtwara, unapima mpaka wa shamba kwa GPS ya upimaji. Rova (kipokezi unachotembea nacho) iko juu kabisa ya bikoni ya zamani, yaani alama ya upimaji iliyosimikwa ardhini, lakini kidhibiti, kifaa cha mkononi kinachoonyesha namba, kinasema bikoni iko kwingine. Tazama kwanza ukubwa wa kosa.

Likiwa takriban mita 300 kaskazini-kusini na karibu 100 mashariki-magharibi, tatizo ni datamu, yaani msingi ambao namba za mahali zinahesabiwa kutoka kwake. Ramani nyingi za zamani za upimaji nchini Tanzania zimejengwa juu ya datamu ya Arc 1960, ilhali setilaiti zinakupa datamu ya WGS 84. Badili datamu, hakikisha umechagua UTM (mfumo wa gridi ya ramani kwa mita) kanda ya 37 Kusini, kisha pima tena bikoni ileile. Ni kazi ya dakika chache.

Kalibrasheni, yaani kulazimisha namba za rova zilingane na za bikoni zinazojulikana, ina nafasi yake: kosa dogo, linaloelekea upande mmoja, na bikoni nne nzima zinazolizunguka eneo. Kuzitafuta tu, nyingine zimefukiwa na mchanga, kunakula muda. Mimi sikubali kuanza nayo. Ukikalibrati kwa bikoni iliyohamishwa, au besi (kipokezi kinachobaki pamoja na kuirekebisha rova) ikiwa imeingiziwa namba mbovu, kidhibiti kitaonyesha kila kitu ni shwari huku mpaka ukiingia kwenye mikorosho ya jirani. Soma mabaki ya kila bikoni, yaani tofauti inayobaki baada ya kalibrasheni; ambayo mabaki yake yanazidi ya nyingine kwa mbali, iondoe kabla hujahifadhi.