NIMEMLIPA MSAIKOLOJIA WA MTANDAONI: HELA IMEENDA BURE?

Haya, mambo vipi watazamaji wangu, karibuni tena. Niko Shangani hapa Mtwara, pembeni ya bahari, na mkisikia vuuu kwenye maiki ni upepo, spika zenu ni nzima. Najua mlikuja kuangalia paneli za sola. Niliahidi, ni kweli, lakini mzigo bado uko Dar. Leo bidhaa yenyewe haishikiki mkononi. Leo nachambua huduma ya kuongea na msaikolojia kwa simu. Nimeilipia mwenyewe, nimeitumia, sasa nina la kusema.

Na kabla hujakimbilia komenti: sijachanganyikiwa. Huku kwetu ukitamka tu neno msaikolojia, mtu anakuuliza lini unapelekwa Mirembe. Jamani, Mirembe ni hospitali, iko Dodoma, ina kazi yake. Mimi yangu ni ya kila siku. Nawaza mpaka saa nane za usiku. Nafoka kwa kitu kidogo. Halafu mwezi wa kumi minada ya korosho ikianza, simu za ndugu zinamiminika, eti mtu wa Mtwara lazima ana hela, na mimi sina hata mkorosho mmoja. Sasa hayo unampelekea nani?

Utaniambia, mpelekee mjomba. Sawa, kusini jambo linapelekwa kwa mjomba, na mimi huwa nakwenda. Ila mjomba ana upande, kwa sababu huyo unayemlalamikia naye ni mpwa wake.

Kujisajili siwaelezi, mnajua wenyewe. Namba ya simu, neno la siri, unachagua mtaalamu, unalipa. Jina la huduma silitaji, hawajanipa hata bando. Mtaalamu wangu ni dada mmoja yuko Mwanza, na hiyo Mwanza nimeipenda kuliko nilivyotegemea. Mji wetu huu mdogo. Ukimmwagia mtu wa hapa siri zako asubuhi, jioni mko naye kwenye kivuko cha Msangamkuu, anakutazama, unamtazama. Wa Mwanza nitagongana naye wapi?

Kuna video, kuna sauti, kuna kuandikiana. Video sahau. Inakula bando, na mtandao ukiyumba dada wa watu anaganda mdomo wazi wakati wewe uko kwenye sehemu ya uchungu. Sauti ni nzuri, tena anakusikia ukishusha pumzi. Ila sisi wa vyumba vya kupanga visivyo na dari, ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha nne wanakwambia pole. Kwa hiyo kuandika ndiko kulikoniokoa. Unaandika kimyakimya, jirani anadhani unabishana mpira.

Sasa kilichonifanya nitoe video hii ni hiki. Ngoja nigeuze simu... jua linapiga kwenye kioo... haya, mnaona? Inaitwa karatasi ya mawazo. Hii hawakuibuni wao. Imetoka kwenye tiba ya mawazo na tabia, ambayo daktari wa Marekani, Aaron Beck, alianza kuijenga miaka ya 1960. Alikuwa anatibu watu wenye sonona, akaona kuna mawazo yanamjia mtu fasta, mtu hayahoji, anayaamini tu, na hayo hayo ndiyo yanamzamisha. Basi karatasi inakulazimisha uyahoji.

Tuijaze hapa hapa, na mfano wa kweli. Tukio: video yangu ya pawabenki imeangaliwa na watu wachache, na mmoja kaandika "huyu jamaa kaisha." Wazo lililokuja: chaneli imekufa, watu wamenichoka. Hapa chini karatasi inauliza, unaliamini kiasi gani kati ya 0 na 100? Usiku ule niliweka 90. Hisia: aibu, hasira. Twende kwenye ushahidi wa kuliunga mkono. Mimi nikaandika, "Najisikia kabisa kwamba wamenichoka." Dada akanijibu mstari mmoja: "Huo ni ushahidi au ni hisia?"

Nilikasirika! Nikaizima simu. Nikaiwasha. Nikafuta. Ushahidi nilionao ni nini hasa? Namba imeshuka kwenye video moja, na mtu mmoja kaandika maneno. Basi. Ushahidi wa kulipinga, hapa ndipo kidole kilipoanza kukimbia: kuna waliouliza bei, kuna aliyeniambia kainunua, na wiki ile nusu ya watu ninaowajua walikuwa wanashinda AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wakisubiri malipo ya korosho, nani angekaa kutazama pawabenki? Wazo jipya: "Video hii haijafanya vizuri na imeniuma. Haijathibitisha kwamba chaneli imekufa." Unaliamini kiasi gani lile la kwanza sasa? Nikaweka 50.

Angalieni, haikushuka mpaka 0. Hicho ndicho ninachokipenda. Hakuna aliyeniambia "fikiria mazuri tu", maana ningemkimbia. Bado iliniuma, ila nililala. Na ukimaliza kujaza, karatasi inabaki kwenye simu, mtaalamu anaiona, mkikutana mnaanzia pale. Hampotezi nusu saa kwenye "za tangu juzi."

Ubaya sasa. Ile kengele ya ukumbusho! Nimekaa sebuleni na mama mkwe, simu iko mezani, kioo kinawaka: "Umejisikiaje leo? Kumbuka zoezi lako la hasira." Mama mkwe kasoma. Hakusema kitu, na hiyo ni mbaya zaidi. Nendeni kwenye mipangilio, zimeni maandishi yasionekane simu ikiwa imefungwa. Hilo lilipaswa kuwa limezimwa tangu kiwandani, na kwa hilo nawakata maksi.

Tukiwa kwenye siri, wapinzani wa nje. BetterHelp ya Marekani ndiyo kubwa, bei yake ni ya kwa wiki, na ukiigeuza shilingi inapita laki na nusu. Tena mwaka 2023 iliamriwa na tume ya biashara ya huko, FTC, ilipe dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja kwa Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo, baada ya kuwaahidi siri. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo usione haya kuuliza: maneno yangu mnayaweka wapi, nani anayasoma? Muulize na mtaalamu kasomea nini. Wangu alijibu bila kununa.

Mtasema, kuna roboti za bure za kuchati nazo kwenye simu. Zipo, na si jambo jipya. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT, chuo cha Marekani, alitoa programu ya kompyuta inaitwa ELIZA, ilikuwa inakurudishia maneno yako kama swali, na katibu wake mwenyewe akamwomba atoke chumbani ili aongee nayo peke yake. Mimi roboti nimeijaribu. Inakubaliana na mimi kila kitu. Nalipia mtu anibishie.

Bei: elfu thelathini kwa dakika 50. Si ndogo, nimeilalamikia nyumbani wiki nzima. Nimeamua mara moja kwa mwezi, katikati najaza karatasi mwenyewe. Na msinielewe vibaya, huyu ni msaikolojia, haandiki dawa, wala si wa dharura. Mtu akisema anataka kujidhuru, usimwachie simu akae anasubiri ajibiwe. Mshike mkono, mpeleke hospitali, Ligula iko pale.

Haya, jiunge na chaneli, bonyeza kengele, hiyo yangu haisemi habari za hasira. Paneli zikifika tunazipima juu ya bati la fundi wangu kule Chikongola. Na tafadhali, shida zako usiniandikie kwenye komenti, hata mama mkwe wangu siku hizi anazisoma.