Gauni la ndala, na mtoto anayesubiri Alice Springs

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Kazi yangu kubwa ni magauni ya harusi na sare za vikundi vya taarabu, kwa hiyo siku zangu zinapita kwenye satini, lasi na shanga. Mteja wangu mmoja, dada anayevalisha wasanii wa jukwaani, ndiye aliyeniambia, "Fundi, itafute The Adventures of Priscilla, Queen of the Desert. Mengine yaache, wewe tazama nguo." Nikaikodi mtandaoni, nikaitazama usiku baada ya kufunga duka. Tangu hapo nimeirudia mara mbili, na safari hizo mbili sikuifuata kwa ajili ya nguo.

Ni filamu ya Australia ya mwaka 1994, iliyoandikwa na kuongozwa na Stephan Elliott. Watu watatu wanaondoka Sydney na basi kuukuu walilolipa jina Priscilla, wanakata nyika na jangwa hadi Alice Springs, katikati ya bara lile, ambako hoteli moja imewapa kazi. Kazi yenyewe ni ya jukwaani: wanavaa kike, wigi kubwa, kope bandia, viatu virefu, wanacheza na kufuatisha kwa midomo nyimbo za disko. Tick (Hugo Weaving) na Adam (Guy Pearce) ni wanaume wanaopenda wanaume. Bernadette, aliyeigizwa na Terence Stamp, ni mwanamke aliyebadili jinsia, mtu mzima, ametoka kumzika mpenzi wake. Najua kwetu wapo watakaoizima filamu hapo hapo. Mimi nilikaa nayo hadi mwisho, na ninachoandika hapa ndicho nilichokiona.

Nianze na nguo, maana ndizo zilizonipeleka. Zilibuniwa na Lizzy Gardiner na Tim Chappel, na mwaka 1995 zikawapa Oscar ya mavazi. Gardiner alikwenda kuipokea akiwa amevaa gauni lililotengenezwa kwa kadi za benki za rangi ya dhahabu, kadi 254. Ukishaitazama filamu unaelewa kwamba hakuwa anatafuta kiki, ndivyo mikono yake inavyofikiri. Bajeti yao ilikuwa ndogo, wakashona kwa vitu ambavyo mtu mwingine angevitupa.

Kuna gauni la ndala. Ndala hizi hizi za kuogea. Wakiwa mji wa migodi wa Broken Hill, Tick anatoka barabarani amevaa gauni fupi la ndala zilizounganishwa moja na nyingine, na masikioni ananing'iniza ndala badala ya hereni. Nilisimamisha picha nikasogeza uso kwenye kioo. Ndala haina upindo, haikunjiki, na ukiitoboa lile povu linachanika kufuata uzi. Kesho yake asubuhi nilichukua ndala mbili chakavu, shazia na uzi wa nailoni, nikajaribu kuziunga ubavu kwa ubavu. Tundu lilipanuka mara ya kwanza tu nilipovuta. Ilibidi nipachike vipande vya ngozi kwa nyuma ndipo uzi ukashika. Sasa fikiria mtu anatembea nalo, anakata kona, anageuka, na gauni limekaa kiunoni kama lilizaliwa naye. Aliyelitengeneza ni fundi, nampa heshima yake yote.

Halafu lile tukio la juu ya basi. Adam amekaa kwenye kiatu kikubwa cha rangi ya fedha kilichofungwa juu ya paa, basi linakimbia katikati ya ardhi nyekundu isiyo na mti, na yeye anafuatisha kwa midomo wimbo wa opera wa Verdi, huku kitambaa cha fedha kikipepea nyuma yake mbali sana. Nimekuwa nashika vitambaa tangu utotoni, sijawahi kuona kimoja kikipewa nafasi yote kiliyohitaji namna ile. Chumba changu cha kazi kina mita tatu kwa nne.

Safari yenyewe ina machungu yake. Asubuhi moja pale Broken Hill wanakuta ubavu wa basi umeandikwa kwa rangi matusi ya kuwafukuza, yanayotaja UKIMWI. Kumbuka mwaka ule ulivyokuwa, watu walikuwa wanazika wenzao kila wiki. Hawasemi mengi. Baadaye, basi likiwa limeharibika katikati ya nyika, Adam analipaka lote rangi ya zambarau mpauko mpaka maandishi yanapotea. Nililipenda jambo hilo kuliko maneno yoyote ambayo mwandishi angeweza kuwawekea vinywani. Kwenye mji wa migodi ya vito wa Coober Pedy, Adam anaponea chupuchupu kwenye mikono ya wanaume waliolewa, na hapo kicheko kinakatika kabisa.

Usiku ule wa kukwama kuna mtu mmoja wa Waaborijini anayewakuta na kuwapeleka kwa wenzake wanaoota moto. Wanawafanyia onyesho palepale, na yeye anavaa nguo zao na kujiunga. Wenyeji wa nchi ile, waliosukumwa pembeni kwa miaka na miaka, ndio waliowapokea bila kuuliza swali. Filamu inapita hapo upesi. Mimi ningetamani ikae zaidi.

Kasoro kubwa ipo na siifichi. Bob, fundi makanika anayewatengenezea basi, ana mke Mfilipino, na filamu imemfanya mwanamke yule kuwa kichekesho kitupu: mlevi, hana adabu, anacheza dansi ya aibu baa, kisha anaondoka na wala hakumbukwi tena. Watu wengi wamelilalamikia hilo kwa miaka, na wana haki. Filamu inayoomba tuwatazame watatu hawa kama watu kamili ilipaswa kumpa na yeye walau sentensi moja ya kibinadamu.

Terence Stamp sasa. Ni Mwingereza, kijana wa London aliyepata jina miaka ya 1960, na wengi wanamjua kama yule jenerali mbaya wa filamu za Superman. Amefariki Agosti 2025 akiwa na miaka 87. Hapa anamcheza Bernadette kwa utulivu wa shangazi aliyeona mengi. Tazama anavyokaa kwenye kiti, mgongo umenyooka, mkono umetua pajani. Hakuna hata mahali pamoja anapoigiza mwanamke ili tucheke. Anapoanza kuzungumza taratibu na Bob, wazee wawili waliochoka na upweke, nilijikuta nimeacha kuangalia nguo kabisa.

Kiini cha filamu lakini, kwangu mimi, ni Tick. Katikati ya njia ndipo wenzake wanapojua kwamba aliyewaita Alice Springs ni mke wake, ambaye hajampa talaka ingawa hawajaishi pamoja kwa miaka, na wakishafika ndipo wanapojua kwamba kuna mtoto wa kiume, Benji. Kumbe kwa Tick kila kilomita ilikuwa hofu. Mtoto ataniona nikoje? Atasema nini? Tick anafika, anapanda jukwaani, anamwona mwanawe kwenye hadhira, anazimia. Siku zinazofuata anajikaza kuwa dume, anabadili sauti, anabadili mwendo, na inauma kumtazama. Kumbe mtoto anajua siku zote, mama yake hakumficha. Anamuuliza baba yake kama ana mpenzi, kwa sauti ile ile ambayo mtoto angeuliza kama kuna chai imebaki, na anataka kuona onyesho la nyimbo za ABBA.

Kabla ya kuitazama, jua haya. Ina urefu wa saa moja na dakika arobaini na kitu. Kiingereza chao cha Australia ni kizito na wanatupiana maneno haraka, washa maandishi ya chini ya picha hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Lugha ni chafu kuanzia dakika za mwanzo, watoto wadogo wasiwepo. Ukiweza, itazame kwenye kioo kikubwa, kwa sababu ile ardhi nyekundu na mavazi vinahitaji upana, na mwishoni wanapopanda miamba ya Kings Canyon wamevalia kamili, manyoya kichwani, simu itakunyima nusu ya picha. Basi lenyewe lilitangazwa mwaka 2024 kuwa limepatikana New South Wales, limechoka, na watu wa makumbusho wa Australia Kusini wanataka kulirudishia hali yake. Nimefurahi kusikia hivyo kama vile ni basi la ukoo wetu.

Mwanangu akiwa darasa la nne aliwahi kuingia dukani na wenzake wawili akanikuta nimevaa gauni la bibi harusi juu ya suruali. Sanamu letu la nguo lilikuwa limevunjika mguu, na mimi na mteja tulikuwa kimo kimoja, nikawa napima upindo kwenye kioo. Niliingia nyuma ya pazia na sikutoka mpaka waliposhika njia. Usiku sikuweza kumtazama usoni. Yeye akala wali wake, akanawa, akaniambia, "Baba, lile gauni limeshuka upande wa kushoto." Nikaenda kuangalia. Lilikuwa limeshuka kweli.

Sasa ana miaka 22, na mara ya tatu nimeitazama naye, tumekaa mkekani, kompyuta juu ya meza ya kukatia. Tick alipomwona mwanawe na kuanguka jukwaani, sikugeuka kumwangalia. Yeye ndiye aliyesema, macho yakiwa kwenye kioo, "Lilikuwa limeshuka kushoto, baba."